Papa hana mfupa: misuli, gegedu na mfupa ndani ya hadubini

Nenda soko la samaki la Malindi asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, umuangalie mkataji anapomshika taa. Kisu kinapita kwenye uti kama kinakata muhogo mbichi. Akiletewa chewa mkubwa, kisu anakiweka chini na kuchukua panga. Hakuna aliyemfundisha anatomia, ila mkono wake umeshajua: papa na taa hawana mfupa hata mmoja, mwili mzima umesimama juu ya gegedu, kitu kigumu kinachopinda kama kile cha sikioni. Na pweza aliye kwenye ndoo ya jirani hana mfupa kabisa, ni misuli mitupu, nyuzi zake zimepita wima, upana na mshazari, ndiyo maana asipopigwa vizuri utamtafuna mpaka taya ziume.

Kazi yangu ni kuwafundisha wanafunzi wa afya hapa Unguja kusoma vipande vya mwili katika hadubini. Lakini swali ninaloulizwa zaidi ni la barazani: "Mwalimu, mkono niliovunjika uliunga, goti nililoumia mpirani mwaka wa nne huu bado linaniuma. Kwa nini?" Jawabu lake linaonekana kwa macho, mtu akipewa nafasi ya kuchungulia.

Anza na gegedu. Chukua kipande cha halua, kile kinachong'aa ukikiinua kwenye mwanga, na lozi zilizozama ndani mbalimbali. Gegedu laini la kwenye viungo liko hivyo. Sehemu kubwa ni ute mgumu ulioshikamana na nyuzi nyembamba za protini iitwayo kolajeni, na maji ndiyo mengi kuliko chochote, hata kufikia robo tatu ya uzito wake. Seli zimekaa kwenye vishimo vyao, moja moja au mbili mbili, kila moja mbali na mwenzake. Sasa tafuta mshipa wa damu. Wanafunzi wangu hutafuta dakika tano nzima, nawaacha makusudi. Hawauoni kwa sababu haupo. Mshipa wa fahamu pia haupo.

Chakula cha seli hizo hutoka kwenye ute wa kiungo. Ukikanyaga, gegedu la goti linabanwa na kutoa maji. Ukiinua mguu linafyonza tena, kama dodoki. Njia hiyo inatosha kuziweka seli hai, lakini haitoshi kujenga upya palipochanika. Gegedu la sikio lina nyuzi za kunyumbuka, ndiyo maana ukilikunja linarudi. Lile la kati ya pingili za mgongo limejaa nyuzi nene za kuhimili mzigo. Yote mawili yana upungufu ule ule wa damu.

Mfupa ni habari nyengine kabisa. Kwanza, haukatiki. Tunakata vipande vya unene wa mikromita tano hivi, na unywele mmoja ni mnene zaidi ya mara kumi ya hapo. Kisu cha maabara hakiwezi kuukata mfupa hivyo mpaka ulowekwe kwenye asidi utoke chokaa. Unaweza kulijaribu nyumbani: tia mfupa wa paja la kuku kwenye siki kwa siku kadhaa, utapindika kama mpira. Zilizobaki ni nyuzi za kolajeni. Mwengine utie kwenye moto wa makaa mpaka uwe mweupe: umbo lake lipo, lakini ukiuminya unavunjika vipande vipande, kwa sababu safari hii nyuzi ndizo zilizoondoka na chokaa ndiyo iliyobaki.

Chini ya hadubini, kipande cha mfupa mgumu kinafanana na kawa nyingi za kufunikia chakula zilizopangwa ubavu kwa ubavu, ukiziangalia kutoka juu: duara ndani ya duara, na katikati tundu. Kila kawa ina upana wa sehemu moja ya tano ya milimita, pengine na zaidi kidogo. Tundu hizo zimepewa jina la tabibu wa Kiingereza, Clopton Havers, aliyeandika habari zake mwaka 1691, na ndani yake mna mishipa ya damu na ya fahamu. Baina ya duara kuna seli, na kila seli imetoa vijinyuzi kupitia mifereji myembamba mno mpaka kushikana na jirani zake. Zipo na seli nyengine zinazobomoa mfupa wa zamani, na nyengine zinazojenga mpya nyuma yao. Kwa mtu mzima, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya mifupa hubadilishwa kila mwaka.

Kwa hiyo mfupa ukivunjika, damu ipo tayari pale pale. Huganda, kisha hujengwa daraja laini, na hapa ndipo ninapopapenda: daraja hilo kwa sehemu kubwa ni gegedu. Mwili hutumia gegedu kama jukwaa la fundi, halafu hulibadilisha likawa mfupa. Namkumbuka mchumaji karafuu mmoja wa Pemba. Tawi la mkarafuu, kama wajuavyo wachumaji, huvunjika bila taarifa. Alifungwa hogo, na wiki ya tatu, maumivu yalipopungua, akalikata mwenyewe kwa kisu. Mguu ukaunga umepinda. Wiki ya tatu lile daraja bado ni laini. Kupungua maumivu si dalili kwamba mfupa umeshika.

Misuli nitaisema kwa ufupi. Ule unaoamrisha mwenyewe, wa mkono na mguu, una nyuzi ndefu zenye mistari ya kukingama. Ndani yake protini mbili, aktini na mayosini, huteleza moja juu ya nyengine. Kuachiana kwao kunahitaji nishati, na nishati ikimalizika zinabaki zimeshikana: ndiyo sababu samaki aliyevuliwa muda si mrefu hukakamaa. Damu imejaa humo, na zipo seli za akiba za kuziba mchaniko mdogo. Moyo nao una mistari, lakini akiba hiyo hauna. Misuli ya utumbo haina mistari kabisa.

Tukirudi kwenye goti: supu ya makongoro ni tamu na mimi naipenda, lakini kolajeni yake husagwa tumboni kama nyama yoyote, haina anwani ya kwenda gotini. Kupunguza uzito na kuimarisha misuli ya paja kunasaidia zaidi.

Siku ukipika kuku, chukua paja upasue kichwa cha mfupa kwa urefu kabla halijaingia sufuriani. Juu utaona kofia nyeupe inayong'aa, unene wake mdogo tu, na chini yake mfupa wa vitundu, mwekundu. Pita na ukucha baina yao. Hapo ndipo damu inapokomea.