Peace Corps haiko ONG, na hapana, siwezi kukuingiza

Juzi tena kijana mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, kanifuata na farde mkononi, diplome, sivi, foto mbili. "Papa, wewe ulifanyaka na Wamarekani, niingizie hii dosie kwa Corps de la Paix." Hii mwaka huyu ni wa nne ama wa tano, nimechoka kuhesabu, basi naandika mara moja, mwenye atakuja tena nitamtumia linki.

Ile Corps de la Paix, ama Peace Corps, ni ofisi ya serikali ya Marekani yenye kutuma volontere nchi zingine, haiko ONG, ni kusema shirika lisilo la serikali. Rais Kennedy aliianzisha 1961, Bunge lao ndilo linapitisha pesa zake, mkurugenzi anateuliwa na rais na Seneti inamkubali. Volontere lazima awe raia wa Marekani, miaka 18 kupanda. Wewe uko na kadi ya mpiga kura ya Congo. Tumemaliza. Halafu hapa kwetu hawako: waliingia 1970, wakatoka 1991 wakati askari walipora Kinshasa, hawajarudi. Mwenye kukuomba dola 50 za kufungua dosie, mkimbie.

Sasa hili neno volontere ndilo linaniuma. Hapa volontere ni mtu wa t-shati ya ONG, anahesabu familia kwenye distribisyo ya msaada, jioni anasaini perdiem, njo maana watu walikuwa wanamuona mzungu wa Peace Corps kama bajeti inatembea. Hakuwa na bajeti! Alikuwa na posho ya mwezi, imepimwa aishi karibu kama majirani zake, si kama bosi wa proje mwenye jeep, na kuna kitu kidogo kinawekwa pembeni mpaka amalize, akirudi kwao kimsaidie kuanza maisha. Hiyo ni mshahara? Wao wanasema hapana. Nilibishana na mmoja usiku muzima juu ya hiyo, tukila ugali na sambaza, vile samaki vidogo, sababu hiyo posho yake "ndogo" ilipita mshahara wa mwalimu wa Congo mwenye alikuwa anafundisha naye darasa moja, na hatukusikilizana mpaka leo.

Tena hawajiletake wenyewe. Nchi ndiyo inawaita na kusema inataka nini. Zaire, ni kusema Congo ya wakati ule, ilitaka walimu na watu wa mabwawa ya tilapia. Wanakuja, staje ya mafunzo kama miezi mitatu, halafu miaka miwili ya kazi, jumla miezi 27. Staje zingine zilifanyika hapa Bukavu, njo mimi niliingilia hapo, mwalimu wa Kiswahili. Kiswahili cha kitabu, sikatai, makosa yangu. Stajere wangu kaenda soko ya Kadutu na kikapu, "Shikamoo mama, ningependa kununua sambaza," mama akageuka akaita wenzake: "Ningependa! Kuyeni musikie!" Bei ilipanda palepale.

Eti ni majasusi? Sheria yao inasema mwenye alishafanya kazi kwa CIA, wapelelezi wa Marekani, haingii Peace Corps maisha yake yote. Ni karatasi, mi sikuwa nachungulia mifuko ya mtu, lakini mwenye kuchimba bwawa kilometa 80 toka barabara kubwa atapeleleza nini, vyura?

Kenye kinanisumbua mimi ni kingine. Volontere anaondoka baada ya miezi 27, na hata Wamarekani wa ofisi wana sheria ya miaka mitano, kuzidisha ni kwa ruhusa, kwa hiyo anayebaki na kumbukumbu ni dreva, mlinzi na sisi walimu wa lugha. Mtu anaanza kuongea vizuri, anajua chefu gani wa kijiji anadanganya na mama gani anafanya kazi kweli, ndipo anafunga valizi. Nilikuwa nauliza, najibiwa eti malengo ya Peace Corps ni matatu, na mawili ni watu kufahamiana tu. Kweli imeandikwa hivyo tangu mwanzo. Sisi tulisoma lile la kwanza peke yake, la kuleta ufundi, na mabwawa, nimeona yenye samaki bado na nimeona yenye kugeuka shamba la maharagi, siwezi kukuambia gani ni mingi.

Kijana wa juzi, farde yako uliisahau kwa kiti yangu. Kuya uchukue, foto zisiloane.