Mnauliza nani kalipa, ulizeni nani kachagua swali

Kila sisi wa kituo cha utafiti kisichotengeneza faida tunapotoa ripoti, maoni ya kwanza ya wasomaji huwa yaleyale: "Nani kawalipa hawa?" Safari hii ripoti ilihusu wagonjwa kuchangia gharama za matibabu, na haikumaliza hata saa moja hewani kabla mtu hajatangaza kwamba majibu yote tumeandikiwa na mfadhili, sisi tumechora majedwali tu. Mwingine akamuunga mkono kwa methali: mkono mtupu haulambwi. Hili nimeshalijibu kwa upole mara nyingi mno. Leo upole umeniishia.

Ya haraka kwanza. Kituo kisichotengeneza faida si kituo cha watu wanaofanya kazi bure. Maana yake ni kwamba hakuna mwenye hisa anayegawiwa salio mwisho wa mwaka. Kinachobaki kinarudi kazini. Wadodosaji wanalipwa, wachambuzi wanalipwa, umeme unalipiwa. Fedha hutoka serikalini, kwenye mifuko ya hisani, kwa mashirika ya kimataifa, na mara nyingine kwa kampuni. Kuna ruzuku ya jumla, ambayo kituo hujipangia chenyewe, na kuna fedha za mradi, zilizofungwa kwenye andiko (maombi ya fedha tunayomwandikia mfadhili), bajeti na tarehe. Ya kwanza kila kituo kinaiota, ya pili ndiyo inayotulisha. Tuendelee.

Picha mliyo nayo kichwani ni ya mfadhili anayepiga simu usiku na kusema: hiyo asilimia 12 isomeke 21. Siwezi kuapa kwamba haijawahi kutokea popote duniani. Lakini ni njia ya kijinga. Data zinaweza kuombwa na kuchambuliwa upya na mtu asiyetupenda, waandishi wa ripoti huwa wengi na hawapatani, na siri ya watu sita si siri. Isitoshe, haina haja. Mwenye pesa na akili zake hagusi jibu kabisa. Akishika swali, jibu litamfuata lenyewe.

Hapa ndipo ninapotaka mkae na mimi kidogo.

Chukueni vyandarua. Kwa miaka mingi kulikuwa na hoja kwamba cha bure hakithaminiwi: mtu akilipa hata kidogo, atakitundika na kulala ndani yake, akipewa bure, atavulia samaki. Watafiti Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliipima hoja hiyo magharibi mwa Kenya, kwenye kliniki za wajawazito, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Kliniki zilipangiwa bei tofauti kwa bahati nasibu, nyingine zikatoa bure. Waliolipa hawakuonekana kuvitumia zaidi ya waliopewa bure. Lakini bei ilipotoka sifuri hadi senti 60 za dola, waliochukua chandarua walipungua kwa pointi 60 za asilimia.

Sasa tuseme kituo kingine kimepewa fedha kuchunguza jambo moja tu: matumizi ya chandarua miongoni mwa wenye chandarua. Wadodosaji wanapita nyumba kwa nyumba, wanahesabu vilivyotundikwa, wanajaza fomu bila kudanganya hata mstari mmoja. Ripoti inatoka: bei haipunguzi matumizi. Kila namba ni ya kweli. Wanawake walioulizia bei wakarudi nyumbani bila kitu hawamo kwenye sampuli, kwa sababu swali halikuwaita. Mhakiki akija na darubini yake, atatafuta uongo na hataupata. Na ninyi mtakuwa kwenye maoni mkibishana kama mfadhili alikuwa nani.

Swali halipindwi kwa kuchagua watu peke yake. Hupindwa pia kwa kipimo cha matokeo (unahesabu mahudhurio kliniki au unapima shinikizo la damu?), kwa kundi linganishi (unalilinganisha na huduma nzuri iliyopo au na kutofanya chochote?), na kwa muda. Muda unanikera kuliko vyote. Mpango wa kinga unaohitaji miaka 10 kuzaa matunda ukitathminiwa baada ya miezi 18, utaonekana hauna maana, na hakuna atakayekuwa amedanganya. Kwa nini miezi 18? Kwa sababu mradi ni wa miaka miwili na miezi sita ya mwisho ni ya kuandika. Hapo msitafute njama, ni kalenda ya mhasibu.

Halafu kuna aya ya kwanza ya muhtasari, ambayo ndiyo pekee inayosomwa. RAND, ambayo nayo ni taasisi ya utafiti isiyotengeneza faida, iliendesha jaribio kubwa la bima ya afya nchini Marekani kwa fedha za serikali ya shirikisho, kuanzia mwaka 1974 hadi 1982. Familia zilipangiwa kwa bahati nasibu mipango mbalimbali, mmoja wa matibabu ya bure, mingine ya kuchangia kwa viwango tofauti. Waliochangia walitumia huduma kidogo zaidi, na walipunguza zile za lazima sawasawa na zile zisizo za lazima. Kwa mtu wa kawaida, afya haikutofautiana sana. Kwa maskini walioanza wakiwa na shinikizo la juu la damu, mpango wa bure uliwafaa zaidi. Nipeni jedwali hilo na nitawaandikia aya mbili za muhtasari zinazotukanana, zote mbili za kweli: "Uchangiaji hupunguza gharama bila kudhuru afya ya wengi" na "Uchangiaji huwafukuza maskini wagonjwa kwenye matibabu wanayoyahitaji." Jaribio hilo linanukuliwa mpaka leo na kambi zote mbili, na mlipaji ni mmoja.

Jimbo la Oregon, hukohuko Marekani, ni hivyohivyo. Mwaka 2008 lilikuwa na nafasi kama 10,000 za bima ya umma kwa watu wa kipato cha chini, wakajiandikisha watu karibu 90,000, ikapigwa bahati nasibu. Watafiti, wakiwemo Amy Finkelstein na Katherine Baicker, wakawafuatilia walioshinda na walioshindwa. Baada ya takriban miaka miwili, shinikizo la damu, kolesteroli na sukari havikuonyesha mabadiliko yanayoweza kutofautishwa na bahati. (Hiyo haimaanishi "hakuna athari". Wenye kisukari kwenye sampuli walikuwa wachache, na sampuli ndogo huficha hata mambo ya kweli. Hili nalo linahitaji makala yake, siku nikiwa na hasira ya kutosha.) Sonona (ugonjwa wa huzuni) ilipungua. Gharama za matibabu za kufilisi familia karibu zilitoweka. Ziara za idara ya dharura ziliongezeka kwa kama asilimia 40, jambo lililowashangaza waliodhani bima ingezipunguza. Je, bima ilifanya kazi? Inategemea ulikuwa unauliza kuhusu mishipa ya damu au kuhusu deni. Kilichonifanya niwaheshimu ni kwamba waliandika na kuweka hadharani mpango wao wa uchambuzi mapema, kabla ya kuona matokeo yenyewe, kwa hiyo hawakuweza kuchuma kipimo kilichowapendeza.

Najua kuna mjuaji ameshafungua tovuti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya. Sawa. Mapitio yao ya mwaka 2017 yanaonyesha kwamba tafiti za dawa na vifaa tiba zilizolipiwa na watengenezaji hutoa matokeo yanayowapendelea mara nyingi zaidi kuliko zilizolipiwa na wengine. Lakini someni mpaka mwisho: tofauti hiyo haikuelezwa na vigezo vya kawaida vya ubora. Kwenye kuficha nani anapewa dawa ipi, za kampuni mara nyingi zilikuwa nadhifu zaidi. Upendeleo umekaa mahali ambapo fomu ya ubora haiangalii, na mimi nimetumia nusu ya makala hii kuwaonyesha mahali hapo.

Kuna kisa kimoja ambacho nanyoosha mikono. Mwaka 2016 zilichapishwa nyaraka zilizoonyesha kwamba Sugar Research Foundation, taasisi ya wenye viwanda vya sukari, iliwalipa watafiti wa Harvard katika miaka ya 1960 kuandika mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 1967, yakayanyooshea kidole mafuta na kuipunguzia sukari lawama. Wafadhili waliweka lengo, walitoa makala za kupitiwa, wakaona na rasimu. Msomaji wa wakati huo hakuambiwa lolote kuhusu malipo. Angeambiwa, angesoma kwa jicho jingine. Kwa hiyo tamko la ufadhili liwepo, daima. Ninachokataa ni kuligeuza tamko kuwa hukumu, kwa sababu ukishajua nani kalipa bado hujasoma ukurasa wa mbinu, na wengi wenu hamna nia ya kuusoma.

Na mkitaka kweli kumtafuta mwenye nguvu juu yetu, mtafuteni mwenye data. Mfadhili mmoja akikataa, kuna wengine watatu wa kuwaandikia. Anayeshika kumbukumbu za wagonjwa au madai ya bima ni mmoja tu, na hana haja ya kukataa. Anaweza kusema ombi liko mezani. Linakaa mezani mpaka mradi unaisha. Au anatoa data kwa masharti ya kuona ripoti siku kadhaa kabla ya kuchapishwa, "kwa ajili ya kusahihisha makosa." Baadhi ya marekebisho yao ni halali na yameokoa ripoti zetu. Mengine ni kuomba neno "duni" liwe "lenye fursa ya kuboreshwa." Hakuna mtoa maoni hata mmoja aliyewahi kuuliza: data mmepewa na nani, na kwa sharti gani? Liulizeni hilo. Ulizeni pia kama mkataba unaturuhusu kuchapisha hata matokeo yasipompendeza mlipaji. Kituo kisichoweza kujibu ndiyo moja kwa moja hapo, mashaka yenu ni halali.

Sasa jambo ambalo sina dawa yake. Tunapokaa kuchagua mada ya kuandikia andiko, kila mtu mezani anajua ipi inapata fedha mwaka huu na ipi haipati. Hakuna anayekataza. Mada ya pili inasogezwa tu, "tutaiangalia baadaye," na mimi mwenyewe naitikia kwa kichwa kwa sababu mishahara ya timu inahitaji mada ya kwanza. Majaribio ya tiba yana rejista, orodha ya wazi yanakoandikishwa, ndiyo maana yaliyokamilika na kufichwa yanaweza kufukuliwa. Utafiti ambao haukuandikiwa hata andiko hauna rejista, na sijaona mbinu ya takwimu inayoweza kukadiria ukubwa wa upendeleo wake. Nadhani ni mkubwa kuliko ule mnaotutuhumu nao. Ruzuku ya jumla ingeupunguza, lakini mtu akitupa ruzuku ya jumla, mtauliza kwa nini katupa.