Gari la kukaa kutwa lisikae mlangoni mwa stesheni

Ndugu zangu wa Mbeya, hasa nyie mnaokaa Iyunga na mitaa ya jirani na stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, leo naomba tuongee habari ya kupaki. Najua kuna atakayesema treni yenyewe haipiti kila siku, sasa paking ya nini? Ni kweli, hapa kwetu bado hatuna treni ya kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni kama ile ya Dar iliyoanza 2012, watu wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo ambaye ni mtu wa huku kwetu Kyela. Lakini reli yetu imeshasainiwa mkataba mwaka 2025 na kampuni ya CCECC ya China wa kuikarabati na kuiendesha, na jiji nalo limejaa, sensa ya 2022 imehesabu watu 541,603. Reli ilijengwa 1970 mpaka 1975, kipindi ambacho anayekuja stesheni na gari lake mwenyewe alikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Eneo la mbele ya stesheni halikupangwa kwa wingi wa bajaji na magari tuliyonayo leo.

Mimi ni mpangamiji, na swali ninaloulizwa kila nikikaa na wananchi ni moja, mnatuongezea lini eneo la kupaki? Nawajibu hivi, kabla ya kuongeza eneo tuulize kwanza gari linakaa pale kwa muda gani. Hilo ndio jambo zima kwa kweli. Watu wanagombana nani amewahi, nani mkubwa, nani analipa, wakati kinachomaliza nafasi ni muda.

Chukua nafasi moja tu iliyo mlangoni kabisa. Mtu akifika saa moja asubuhi akaliacha gari lake akapanda zake treni, akarudi saa kumi na mbili jioni, nafasi hiyo kwa masaa 11 imemsaidia mtu mmoja. Sasa nafasi hiyo hiyo ukiiacha iwe ya kushusha na kupakia tu, dakika tano tano, kwa lisaa zinaingia gari 12, kwa masaa 11 ni gari 132, na hata ukisema sio muda wote kuna watu, weka nusu yake, bado ni 66 dhidi ya mmoja. Ndio maana nasema gari la kukaa kutwa lirudi nyuma, hata mita 300 au 400 kutoka mlangoni, mwenye gari atembee dakika tano, haina shida, kwa sababu yeye anatembea mara mbili tu kwa siku. Mlangoni waachwe bajaji, bodaboda, taksi, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee anayeshikwa mkono, na wale wa mizigo. Mizigo tusiisahau, mchele wa Kyela na ndizi za Tukuyu hazitembei zenyewe, guta inahitaji sehemu ya kusimama bila kuziba njia, na ikikosa itasimama barabarani tu.

Kuhusu kuongeza eneo, tupige hesabu pia. Gari moja likipaki linakula kama mita 2.5 kwa 5, ila ukiongeza njia ya kuingilia na kugeuzia inafika kama mita za mraba 25. Eka moja ni mita za mraba 4,047, yani ekari nzima ya ardhi ya mjini inabeba magari kama 160, na kama kila gari limeleta mtu mmoja basi ni watu 160. Hao hao wangekuja na kosta za abiria 30 ni kosta sita tu, zinashusha zinaondoka. Sisemi tusijenge paking, anayetoka Mbalizi ndani ndani huko au Isyesye usiku na mvua anahitaji gari lake, nasema ekari ya pili tuifikirie mara mbili kabla ya kuimwagia lami, maana na maji ya mvua ya kwetu kuanzia Novemba yakikosa pa kuzama yanakwenda kwenye nyumba za watu wa chini.

Sasa kilio cha wakazi, na hapa niseme ukweli nawaonea uchungu. Stesheni ikianza kuchangamka, mtu akikuta eneo limejaa au linalipiwa anaingia mtaani, anapaki mbele ya geti la mtu, anaondoka mpaka jioni. Mwenye nyumba akiwa na mgonjwa gari halitoki, gari la zimamoto nalo halipiti kwenye kinjia cha mita nne chenye magari pande zote mbili. Matokeo yake watu wanapanga mawe na ndoo za zege barabarani, jambo ambalo silikubali kabisa kwa sababu barabara ni ya wote na jiwe usiku linaua mtu wa bodaboda.

Kuna njia wanayotumia wenzetu wa vitongoji vya London ambayo mimi naipenda kwa urahisi wake. Mtaa wa jirani na stesheni unakatazwa kupaki kwa lisaa limoja au mawili tu kwa siku, mfano saa tano mpaka saa sita mchana, isipokuwa mwenye kibali cha mkazi. Basi. Anayetaka kuacha gari kutwa hawezi, kwa sababu lisaa hilo litamkuta yupo kazini, lakini mgeni wako anayekuja saa nane kula ugali hasumbuliwi, fundi anayekuja asubuhi hasumbuliwi, na mgambo hahitaji kushinda pale, anapita mara moja tu ndani ya lisaa hilo kazi imekwisha. Kwa mtaa wetu usio na hela ya kulipa walinzi kutwa nzima hii inafaa sana.

Ila mtaa peke yake hauwezi kutoza faini, hili watu wengi hawalijui, mwenyekiti anaandika kibao afu vijana wanaanza kufunga magari minyororo, ni makosa. Faini inahitaji sheria ndogo ya halmashauri, na nguvu ya kuitunga inatoka kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 ya mamlaka za miji. Hoja inaanzia mkutano wa mtaa, inapanda kata, inafika baraza la madiwani. Na kama ni pembeni ya barabara kuu ya Zambia hapo ni TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, usipange paking humo bila wao.

Bei nayo ina kanuni. Profesa Donald Shoup wa Marekani alishauri bei iwe ile inayoacha nafasi kama 15 kati ya 100 zikiwa wazi. Zikijaa zote bei ni ndogo, zikibaki nusu tupu bei ni kubwa. Maoni yangu, dakika 15 za kwanza ziwe bure, na anayelala kutwa alipe.

Wenzetu wa Makambako nanyi hili linawahusu, stesheni yenu ipo kwenye mji wa njia panda.

Kabla hamjaitisha mkutano hesabuni wenyewe, haihitaji mtaalamu. Siku ya treni na siku isiyo ya treni, chukua daftari, pita mtaa mzima saa moja asubuhi, saa nne, saa saba na saa kumi, kila gari andika tarakimu tatu na herufi za mwisho za namba yake na limesimama mbele ya nyumba ipi. Namba iliyojirudia mara tatu au nne ni ya kukaa kutwa, iliyotokea mara moja ni ya kupita. Bodaboda na bajaji hesabu idadi tu. Muulize mwenye nyumba kama gari ni lake, weka alama. Daftari hilo nakili kurasa zake, moja ibaki kwa mtendaji wa mtaa, nyingine mpeni diwani siku ya mkutano.