Udongo Mwekundu wa Kiambu: Yanayosemwa na Yalivyo

"Kenya ina ardhi tele. Kiambu ikijaa nyumba, tutalima kwingine."

Kwingine wapi? Takriban asilimia 80 ya nchi hii ni kame au nusu kame. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mji ulizaliwa mpakani: kusini mashariki nyika ya udongo mweusi, kaskazini na magharibi udongo mwekundu wa Kiambu na mvua yake, kwenye mashamba ya kahawa. Sasa, udongo mweusi hufura mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, hivyo anayejenga juu yake hulazimika kuuchimba na kuuzoa kwanza, lori baada ya lori, ndipo aweke msingi. Mwekundu hauna taabu hiyo. Mjenzi na mkulima wanagombea udongo uleule, na mjenzi ndiye mwenye pesa.

"Kahawa si chakula. Acha ing'olewe."

Hili huniudhi kuliko yote, kwa sababu lina nusu ya ukweli. Kweli, hakuna anayeshiba kahawa. Ila kahawa huleta dola, na ngano na mchele tunaokula, sehemu kubwa hununuliwa nje kwa dola hizohizo. Tena palipoota mibuni pangeota viazi na maharagwe. Penye zege hapaoti kitu.

Wanaodai jiji ndilo lililoua kahawa nao wanatia chumvi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilikuwa ikivuna karibu tani 130,000 kwa mwaka. Miaka ya karibuni imekuwa kama tani 50,000, mara nyingine chini ya hapo. Mkataba wa kimataifa uliogawia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza ulivunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka, vyama vya ushirika vikazama kwenye madeni. Dalali wa ploti alipobisha hodi, mkulima alikuwa ameshachoka.

"Wanaomaliza mashamba ni matajiri."

Tatu City, mji mpya wa wawekezaji binafsi kule Ruiru, umekalia maelfu ya ekari zilizokuwa za kahawa, hilo halina ubishi. Lakini ardhi inaisha pia kimyakimya, futi 50 kwa 100. Mzee ana ekari mbili na wana wanne. Kila mmoja apate nusu ekari. Toa nyumba, toa choo, toa zizi la ng'ombe wawili, na kinachobaki hakitoshi nepia, yaani majani ya kulisha hao ng'ombe, sembuse mahindi. Akiuza thumni ya ekari, karo imelipika. Mimi simlaumu. Katiba ya 2010, kifungu cha 68, iliagiza Bunge liweke kiwango cha chini na cha juu cha ardhi anayoweza kumiliki mtu. Wabunge wenyewe wana mashamba, basi agizo limebaki kwenye karatasi.

"Tutalima kwenye magunia, juu ya mapaa."

Sukuma wiki na dania, sawa. Unga wa ugali hautoki kwenye baraza ya ghorofa ya nne.

"Angalau watu wamepata makao."

Baadhi. Zunguka vijijini nyuma ya barabara ya Thika uone ploti zilizonunuliwa kama akiba: vigingi vinne, waya, nyasi kiunoni. Si shamba, si nyumba. Mwenyewe yuko mjini anangoja bei ipande. Jioni, jirani aliyeishiwa na nepia huinua waya kwa fimbo na kumpitisha ng'ombe wake chini.