Krimu Imeleta Nafuu: Ililinganishwa na Nini?

Mgonjwa huja kliniki na simu mkononi: "Daktari, utafiti unasema krimu hii inatibu pumu ya ngozi." Mimi humuuliza, ililinganishwa na nini?

Pumu ya ngozi, yaani ukurutu (eczema), hupanda na kushuka. Watu huingia kwenye utafiti wakati hali imewazidi, hivyo hata wasipopewa kitu, baada ya wiki chache wengi hupata nafuu. Tena ngozi ina mtego ambao vidonge havina: krimu tupu, isiyo na dawa ndani, hulainisha ngozi kavu na kupunguza muwasho. Ndiyo maana watafiti makini hulipatia kundi la pili krimu ileile bila dawa, wagonjwa wakigawanywa kwa kura, na anayepima asijue nani kapaka ipi. Ukishindanisha krimu yenye dawa na kutopaka chochote, umeshaipa ushindi kabla ya mechi.

Mwaka 2018 Uingereza ilitoa matokeo ya jaribio la BATHE, lililohusisha watoto zaidi ya 480. Wote waliendelea na matibabu yao ya kawaida, ila kundi moja liliongezewa mafuta ya kutia kwenye maji ya kuoga, ambayo madaktari walikuwa wakiyaandika kwa miaka. Hayakuonyesha faida ya maana. Bila kundi la pili, wazazi wengi wangeapa kuwa yamesaidia.

BATHE walipima kwa maswali ya kila wiki: ngozi imewasha siku ngapi? Usingizi umekatika mara ngapi? Napenda kipimo cha namna hiyo, kwa kuwa kinauliza anachohisi mgonjwa. Kwa soriasisi, ugonjwa wa ngozi wenye mabaka mazito ya magamba, kipimo maarufu ni PASI, cha alama 0 hadi 72, kinachoangalia wekundu, unene, magamba na ukubwa wa eneo. Mwenye mabaka viganjani tu atapata alama ndogo, ingawa hawezi hata kushika jembe. Na wekundu huo, kwenye ngozi nyeusi, mara nyingi huonekana kama zambarau au kahawia iliyokolea. Mpimaji asiyeuzoea huandika kuwa ugonjwa ni mwepesi. Kwa hiyo tazama pia ni ngozi za akina nani zilizopimwa.

Halafu hesabu wiki. Majaribio mengi hupima matokeo yake makuu wiki ya 12 au 16, na mgonjwa wangu ana pumu ya ngozi tangu utotoni; nafuu ya wiki hizo haimwambii itakuwaje baadaye.