Diski ya nje kwa mtu wa safari: ushauri wa fundi wa Mombasa

Kazi yangu hapa Mombasa ni kuokoa mafaili kutoka kwenye diski zilizoharibika, na wengi wanaonijia ni watu ambao kazi yao huwafuata njiani: wapiga picha za harusi, wasanifu majengo wanaokwenda na kurudi kati ya ofisi na mahali pa ujenzi, wanafunzi wa uzamili, na mabaharia wanaoondoka kwa miezi wakiwa na picha zote za familia. Kabla ya kununua diski ya nje, karibu kila mmoja huniuliza ipi ina kasi zaidi. Mimi huanza kwa kumuuliza diski hiyo itabebwaje na itatumika wapi, kwa sababu mtu anayevuka kwa feri ya Likoni asubuhi na jioni katikati ya umati, au anayepanda bodaboda kutoka Nyali hadi Mji wa Kale, anahitaji kwanza chombo kinachostahimili mtikisiko, joto na unyevu wa pwani. Kasi huja baadaye.

Diski za nje zinazouzwa madukani ni za aina mbili. Aina ya kwanza ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika katika diski ndogo za inchi 2.5, na juu ya kila uso wa sahani huelea kichwa cha kusomea kwa umbali wa nanomita chache tu, umbali ulio mdogo kuliko chembe ya vumbi. Asili yake ni RAMAC, mashine ya IBM ya mwaka 1956 iliyokuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 na iliyohifadhi takribani megabaiti 5. Umbo limepungua hadi kuingia mfukoni, lakini kanuni haijabadilika. Diski ya namna hii inapozimwa, kichwa huegeshwa mahali pake salama, kwa hiyo ikianguka ikiwa imezimwa huenda ikapona. Ikianguka inapofanya kazi, hata kutoka mapajani hadi sakafu ya matatu, kichwa huweza kugonga sahani na kuukwangua utando wa sumaku ambao ndio unaobeba data yenyewe. Utando ukishakwanguka, hakuna fundi awezaye kuirudisha sehemu ile.

Aina ya pili ni SSD, ambayo huhifadhi data kama chaji za umeme ndani ya chipu za flashi, teknolojia iliyobuniwa na Fujio Masuoka alipokuwa mhandisi wa Toshiba katika miaka ya 1980. Ndani yake hakuna kinachozunguka wala kinachoelea, na ndiyo maana mimi humshauri kila mtu anayefanya kazi akiwa safarini abebe SSD, hata kama kwa fedha zilezile atapata nafasi ndogo zaidi. Diski ya sahani bado ina thamani kubwa kwa kuwa nafasi yake ni ya bei nafuu, lakini pahali pake ni nyumbani au ofisini, juu ya meza isiyotikisika, ikitunza nakala ya pili.

Ninaposema hivyo, sipendi mtu aelewe kwamba SSD haifi. Diski ya sahani mara nyingi hutoa dalili kabla ya kuharibika: hugonga, hukwaruza, au huchukua dakika nyingi kufungua folda moja. SSD huweza kufanya kazi vizuri jioni na kesho yake isitambuliwe kabisa na kompyuta. Zaidi ya hayo, kidhibiti chake, yaani chipu inayoongoza kazi yote ya diski, mara nyingi husimba data kwa njia fiche na kuitawanya katika chipu mbalimbali, hivi kwamba kidhibiti kikiharibika, kuzing'oa chipu na kuzisoma moja moja hakuleti chochote cha maana. Ni kweli pia kwamba mafaili yaliyofutwa kwenye SSD mara nyingi hayapatikani tena, kwa sababu mfumo wa kompyuta huiarifu diski ni sehemu zipi hazihitajiki, nayo huzisafisha yenyewe. Mtu anayehamia SSD amepunguza hatari ya kuanguka, lakini amejiondolea sehemu ya msaada ambao fundi kama mimi angeweza kumpa, na kwa hiyo haja ya kuwa na nakala nyingine imeongezeka.

Sasa niseme juu ya hali ya hewa yetu, ambayo maelezo mengi ya watengenezaji hayakuandikwa kwa kuifikiria. Diski nyingi ndogo za sahani zimeandikiwa zifanye kazi kati ya nyuzi joto 5 na 35. Katika msimu wa kaskazi, mchana wa Mombasa hupita nyuzi 30 kivulini, na diski inayofanya kazi huongeza joto lake yenyewe juu ya hilo. Ikiwa imefunikwa ndani ya begi au imeachwa kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, huvuka kipimo hicho upesi. SSD nyingi hustahimili joto kubwa zaidi, lakini zikipata moto hujipunguzia kasi ili zisiungue, na anayenakili mafaili mazito atashangaa kuona kasi inaporomoka katikati ya kazi. Iweke mezani, mahali penye hewa.

Unyevu ni adui asiyeonekana. Diski nyingi za sahani zina tundu dogo lenye kichujio, la kusawazisha kanieneo ya hewa ya ndani na ya nje, na kupitia tundu hilo mvuke huingia. Diski iliyokaa usiku kucha katika chumba chenye kiyoyozi hadi ikapoa kufikia nyuzi 20, ikitolewa nje kwenye hewa yetu nzito, hutoa jasho kama chupa ya maji baridi, na jasho hilo hutokea kwenye saketi pia. Kwa hiyo ninawasihi watu waiache ndani ya begi lililofungwa hadi ifikie joto la nje, ndipo waichomeke. Kwa sababu hiyohiyo, ule ushauri unaozunguka mitandaoni wa kuitia diski mbovu kwenye friza ni hatari kubwa hapa pwani. Na ikiwa diski imeanguka baharini, usiichomeke ili kujaribu, wala usiianike juani, kwa kuwa chumvi inapokaukia juu ya metali ndipo kutu hushika. Ifunge katika chombo kisichopitisha hewa ikiwa bado mbichi na uipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.

Kuhusu kasi, hesabu ni rahisi. Harusi moja ya picha na video huweza kufika gigabaiti 200. Diski ya sahani yenye kasi ya megabaiti 120 kwa sekunde itazipokea kwa takribani nusu saa. SSD yenye kasi ya megabaiti 1,000 inaweza kuzipokea kwa dakika tatu na ushei, lakini iwapo tu chanzo nacho kina kasi hiyo. Kadi nyingi za kamera ni za kiwango cha UHS-I, ambacho ukomo wake ni megabaiti 104 kwa sekunde, kwa hiyo anayenakili kutoka kadi hiyo hataona tofauti kubwa hata akinunua SSD ya bei ghali. Waya pia huzuia. Waya nyingi za USB-C zilizotengenezwa kwa ajili ya kuchaji simu hupitisha data kwa kiwango cha USB 2.0 tu, ambacho kwa vitendo ni kama megabaiti 35 kwa sekunde, na harusi ileile itachukua zaidi ya saa moja na nusu. Tumia waya uliokuja na diski.

Jambo linaloniumiza ni diski za uongo. Utaona SSD ndogo inayodaiwa kuwa na terabaiti 16 ikiuzwa kwa bei isiyotosha hata kununua terabaiti moja ya kweli. Ndani yake mara nyingi huwa mna chipu ndogo ya flashi iliyofundishwa kudanganya kompyuta: hupokea kila faili, huonyesha jina lake, lakini nafasi halisi ikijaa data hupotea au huandikwa juu ya ile ya zamani. Mwenye nayo hugundua pale anapofungua picha na kukuta haifunguki. Kabla ya kuiamini diski mpya, ijaze yote na uisome tena kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux. Huchukua saa kadhaa, na inafaa kila dakika. Ukiona diski ya terabaiti moja inaonyesha 931 kwenye Windows usiwe na hofu, kwani hapo ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu.

Wanaotumia Windows na Mac kwa pamoja huchagua mfumo wa faili, yaani namna diski inavyopanga mafaili, wa exFAT, kwa sababu mfumo wa zamani wa FAT32 haupokei faili lililofikia gigabaiti 4 na Mac husoma NTFS, mfumo wa Windows, bila kuandika juu yake. Chaguo hilo ni sahihi, ila exFAT haina kumbukumbu ya kurekebisha uandishi uliokatizwa, na kuchomoa bila kuiaga kompyuta huweza kuharibu orodha nzima ya mafaili.

Kwa wapiga picha wa Mombasa lipo jukumu jingine zito. Katika kupamba, shughuli ya harusi ya wanawake, wao hukaa wenyewe kwa wenyewe bila buibui, na picha za shughuli hiyo ni amana ambayo familia imemkabidhi mpiga picha. Diski iliyopotea kwenye tuktuk bila nenosiri ni amana iliyomwagwa barabarani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Simba diski yote kwa njia fiche, kwa programu ya BitLocker ya Windows, au kwa VeraCrypt inayofanya kazi kwenye mifumo yote mikuu, na uliweke nenosiri mahali ambapo si ndani ya begi lilelile.

Kuhusu nakala, kanuni ninayoifuata ni ile ya 3-2-1 iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyinginezo. Nyaya za intaneti za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika kwenye ufuo wetu mwaka 2009, lakini anayepakia gigabaiti 200 mtandaoni kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde (biti nane hufanya baiti moja) atahitaji takribani saa 44, kwa hiyo kwa kazi nzito nakala ya mbali huwa ni diski nyingine kwa ndugu au kwa mwenzako wa kazi. Unapopanda treni Miritini, diski mbili ziwe katika mabegi mawili, moja likae nawe. Mashine ya eksirei ya ukaguzi haizidhuru. Na SSD unayoiacha kabatini ichomekwe kila baada ya miezi michache na mafaili yafunguliwe kukaguliwa, kwa sababu chaji zilizo ndani ya chipu huvuja polepole, na katika joto huvuja upesi zaidi.