Kiwanja cha "mji unakuja huku": piga hesabu kabla ya kulipa

Hakuna maneno yanayouza viwanja Dar es Salaam na Pwani kama "mji unakuja huku". Mara nyingi ni kweli, mji unakuja. Ila muuzaji naye anajua, na bei anayokutajia ina lami, umeme na soko ambavyo bado havijafika.

Bagamoyo ni mfano mzuri. Makubaliano ya bandari yalisainiwa 2013, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, na 2019 Rais Magufuli akayapinga hadharani masharti ya makubaliano hayo, mradi ukakwama. Aliyenunua jirani kwa bei ya shamba aliweza kusubiri bila presha. Aliyenunua kwa bei ya mji wenye bandari alifungia mtaji wake pale. Kigamboni, kwa upande wake, daraja lilijengwa kweli, likafunguliwa Aprili 2016. Lakini lina tozo, na mpangaji anayefanya kazi Posta, katikati ya jiji, huijumlisha na nauli kabla hajakubali kodi unayoitaka. Mradi ukitajwa, mimi huuliza kwanza: waliopitiwa na mradi wameshalipwa fidia? Mkandarasi yuko kazini? Kama bado, nunua kwa bei ya eneo lilivyo leo.

Faida nayo hudanganya macho. Kiwanja kilichonunuliwa milioni 20 kikauzwa milioni 30 baada ya miaka 8 husifiwa sana. Ongezeko lake ni kama asilimia 5.2 tu kwa mwaka, kabla hujatoa kodi ya ardhi ya kila mwaka, gharama za kufyeka, dalali na kodi unayolipa ukiuza. Mfumuko wa bei nao unakula sehemu yake.

Nyumba ya kupangisha ndiyo inayohitaji kalamu zaidi, kwa sababu tunaipenda kwa macho: geti, tailizi, dari ya jipsamu. Chukua nyumba ya milioni 120 inayopangishwa kwa 600,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 7.2, yaani asilimia 6. Sasa weka mwezi mmoja bila mpangaji, inabaki milioni 6.6. Toa kodi ya zuio, ile ya serikali inayokatwa kwenye pango, ya asilimia 10, ambayo ni 660,000. Tenga 600,000 za rangi, mabomba na shimo la choo. Mkononi unabaki na milioni 5.34, chini kidogo ya asilimia 4.5. Linganisha na riba ya hati fungani za serikali za muda mrefu, yaani pesa unazoikopesha serikali, kisha amua kama unalipia kipato au unalipia fahari ya kuwa na nyumba. Fahari si dhambi, ila usiiandike kwenye safu ya mapato.

Madalali wengi hukupeleka kwanza kwenye kiwanja ghali, ili cha pili kionekane cha bure. Dawa yake ni kugawa bei kwa mita za mraba. Cha 20 kwa 20 kwa milioni 8 ni shilingi 20,000 kwa mita. Cha 25 kwa 30 kwa milioni 12 ni 16,000. Kile "cha bei nafuu" ndicho ghali.

Vipimo hivyo vipime mwenyewe kutoka bikoni (jiwe la mpaka) hadi bikoni, kisha fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kujua mmiliki halisi kabla ya kutoa hata kishika uchumba. Kiwanja kikisifiwa kuwa "kipo barabarani", pima pia kutoka katikati ya barabara: kwa barabara kuu hifadhi ya barabara, eneo lisiloruhusiwa kujengwa, ni mita 30 kila upande, na alama ya X kwenye kuta za majirani inakuonya kuwa wamejenga ndani yake.